Kinundu, si Uvimbenyama

Rasimu ya istilahi za tiba inayosambazwa siku hizi imeupa ugonjwa wa sakoidosi jina la "uvimbenyama", na unaposhika mirija ya hewa, "uvimbenyama wa njia za pumzi". Napinga. Walioketi kuunda neno hilo walikuta kwamba sarx ya Kigiriki ni nyama, wakatosheka.

Wangeendelea kusoma. Mwaka 1899 Caesar Boeck, daktari wa ngozi wa Norwei, aliona kwenye hadubini seli zilizomkumbusha sarkoma, ambayo ni saratani. Vidonda vyenyewe havikuwa saratani, naye akaviita sarkoid salama: -oid hutokana na eidos, sura. Kwa hiyo jina hili tangu mwanzo ni la mfanano tu. Kulifasiri kwa "uvimbe" ni kumrudishia mgonjwa hofu aliyoiondoa Boeck, maana hospitalini kwetu anayeambiwa ana uvimbe kifuani husikia saratani.

Ugonjwa ubaki sakoidosi. Kinachouunda, granuloma, kiitwe kinundu. Najua granulum ya Kilatini ni punje ndogo, na wapo wanaoshikilia "chembe". Lakini chembe tumekwisha kuipa kazi: chembe za damu, chembe hai. Granuloma ni chembe nyingi za kinga zilizoshikamana. Tukiiita chembe, tutaelezaje kilichomo ndani yake? Nundu ya ng'ombe kila mfugaji anaijua, na kiambishi ki- kinaipunguza hadi kimo kinachotakiwa. Kinundu kina umbo, kina ugumu, na hakimtishi mtu.

Matumizi yake ni mepesi. Vinundu hufuata mishipa ya limfu inayoandamana na mirija ya hewa, huota kwenye utando wake, mrija ukawa mwembamba, mgonjwa akakohoa na kifua kikalia filimbi. Huweza kuota puani na kwenye zoloto pia, na makovu yake huvuta mirija ikapinda au kutanuka. Vinundu vya kifua kikuu aghalabu huoza katikati. Vya sakoidosi kwa kawaida haviozi, wala ugonjwa wenyewe hauambukizi.

Hoja hizi niliziwasilisha kwa maandishi kwa kamati ya rasimu hiyo, hazikujibiwa. Nawaomba basi wahariri wa vitabu vya tiba waandike kinundu, wingi vinundu, ngeli ya KI-VI, wasiisubiri kamati.