Kifafa Kina Historia, na Mwanafunzi Ana Haki

Je, umewahi kuona mwanafunzi akianguka kifafa darasani? Mara nyingi wenzake hukimbia. Mbona wakimbie? Kwa sababu tumelelewa tukiambiwa povu lile linaambukiza. Basi tutazame historia yasemaje.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, matabibu wa Ugiriki waliandika kwamba ugonjwa huu unatoka kwenye ubongo, si laana. Nasi Waislamu tunayo hadithi iliyomo katika Sahih al-Bukhari: mwanamke alimjia Mtume (SAW) akilalamika kuwa huanguka na kufunukwa nguo. Mtume hakumfukuza wala kumwogopa. Alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba dua asifunuke. Akaombewa. Unaona? Heshima yake ilichungwa.

Dawa ilichelewa. Ni mwaka 1912 ndipo daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, alipotangaza kuwa fenobabitoni inazuia kifafa. Ikawa dawa ya bei nafuu, lakini vijijini kwetu haikufika upesi. Mwaka 1960 daktari wa kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanganyika. Alikuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto: walipoangukia mekoni, watu waliogopa kuwagusa. Alipowapa dawa kila siku, wengi walipata nafuu.

Hapa Kenya utafiti ulifanywa Nakuru, matokeo yakatoka 1991. Wagonjwa 302 walianzishiwa dawa. Katika miezi 6 ya mwisho, zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka wa matibabu hawakuanguka hata mara moja. Kwa hivyo anayesema kifafa hakina dawa, historia inamkanusha.

Huku kwetu Kakamega jambo hili latuhusu sana. Malaria ni nyingi, na ile inayopanda kichwani huweza kumwachia mtoto kifafa. Wengine hupata kwa kuumia wakati wa kuzaliwa, au kugongwa kichwa. Hakuna anayekipata kwa kugusa mate, kula sahani moja au kuketi dawati moja.

Sasa wewe mwanafunzi, mwenzako akianguka:
- Ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee sweta chini ya kichwa.
- Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.
- Tazama saa. Ikipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.
- Kutetemeka kukiisha, mlaze kwa ubavu, mfunike nguo, na waambie watu wasijazane.

Walimu nao wasimrudishe nyumbani moja kwa moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Akipumzika, arudi darasani.

Na wakati wa Ramadhan: mwenye kifafa asiache dawa ili afunge, maana kukatiza dawa ghafla na kukosa usingizi huleta kuanguka. Amuulize daktari kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Ndugu zangu, dawa ipo tangu 1912. Kilichobaki ni sisi kuacha kukimbia.