Shingo ya Gitaa Ina Mwinamo

"Pembe ya shingo", yaani mlalo wa shingo ukilinganishwa na mwili wa gitaa, imeanza kuzoeleka katika maelezo ya Kiswahili kuhusu gitaa la umeme, na walioipendekeza wanaona kazi yao imekwisha. Haijakwisha. Gitaa la mtindo wa Stratocaster lina pembe mbili tayari, zile ncha za mwili zinazochomoza kushoto na kulia kwa shingo. Ukimwambia fundi aangalie pembe, ataangalia rangi iliyobanduka pale nchani. Tena neno hilo lina historia yake katika muziki wa pwani, kwani baragumu la Pate liitwalo siwa lilichongwa kwa pembe za ndovu. Kulibebesha mzigo mwingine ndani ya ala moja ni uvivu wa kamati zinazofungua msamiati wa hesabu, zikanakili jibu la kwanza na kufunga kikao.

Neno linalofaa ni mwinamo.

Wapinzani wake hudai kwamba kuinama ni kuelekea mbele, ilhali shingo ya gitaa mara nyingi hulazwa nyuma. Hoja hiyo haisikilizi lugha. Simama, egama, inama, kwama: kiishio -ama hubeba hali ya kitu kilichokaa mkao fulani, na kinachotafutwa hapa ni jina la mkao. Kutoka inama tunapata mwinamo kwa njia ileile iliyotupa mwendo kutoka enda na mchezo kutoka cheza. Waashi husema mwinamo wa paa, wala hakuna anayewauliza paa limemwinamia nani. Kitenzi chake kipo pia, kuinamisha, na pande zake hutajwa bila taabu: mwinamo wa nyuma, mwinamo wa mbele.

Kuna kosa baya zaidi, nalo ni kusema "kunyoosha shingo" kwa maana ya kurekebisha mwinamo. Kunyoosha ni kuondoa mpindo, na mpindo husimamiwa na chuma kilichopita ndani ya shingo. Kijana aliyesoma maelezo hayo atachukua alenki na kukaza chuma hicho, ilhali shingo yake imenyooka vizuri na tatizo liko kwenye kitako cha shingo, pale inapofungwa mwilini. Istilahi mbovu huharibu mbao.

Tatizo lenyewe, yaani mwinamo usiotosha, hujionyesha kwenye gitaa la bei nafuu, Squier kwa mfano. Vibebeo vya nyuzi juu ya daraja vimeshushwa hadi vikagusa bamba, skrubu zao ndogo zimechomoza na kukwaruza kiganja, na bado nyuzi ziko juu ya freti. Leo Fender alifunga shingo za magitaa yake kwa skrubu, akiiacha njia ya tiba wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Fender ilitia baadhi ya magitaa skrubu maalumu ya kurekebisha mwinamo bila kuitoa shingo. Penye shingo isiyo na skrubu hiyo hutiwa kabari, neno ambalo kila aliyewahi kukaza mpini wa jembe analijua, na ambalo kamati fulani imeona heri kulibadilisha kuwa "kijazio chembamba cha kiungo".

Matumizi kwa ufupi: legeza nyuzi, fungua skrubu nne, weka kabari ya nusu milimita katika shimo la shingo, upande wa daraja, kisha kaza. Shimo likiwa na urefu wa milimita 75 hivi, mwinamo huongezeka kwa chini ya nusu digrii, lakini ili nyuzi zirudi kwenye kimo cha awali vibebeo vingehitaji kupandishwa zaidi ya milimita moja na nusu. Kabari ikiwekwa upande wa pili, shingo huinamia mbele na nyuzi huzidi kupanda.

Gibson Les Paul, iliyotoka 1952, shingo yake imegundishwa, kwa hiyo haipokei kabari. Mwinamo inao, na uliamuliwa kiwandani kabla gundi haijakauka.