Balozi mmoja wa inchi 27: historia yenye inatuhusu sisi wa Masisi na Walikale

Tarehe 17 Machi 2025 mambo mawili yalitokea siku moja. Umoja wa Ulaya ulitangaza vikwazo juu ya viongozi wa M23, wakubwa wa jeshi la Rwanda na kiwanda kimoja cha kusafisha zahabu kule Kigali. Siku hiyo hiyo Rwanda ikakata uhusiano na Ubelgiji, na wanadiplomasia wa Ubelgiji wakapewa masaa 48 ya kutoka. Lakini delegasyo ya Umoja wa Ulaya, umoja wenye Ubelgiji ni memba, ilibaki Kigali. Inawezekana aje?

Mimi naona jibu liko katika historia, na sisi tuko ndani yake tangu mwanzo.

Mwaka 1963 inchi sita za Ulaya zilisaini Mkataba wa Yaoundé na inchi 18 za Afrika, Madagascar ikiwa ndani. Kongo yetu ilikuwemo. Ulaya ilikuwa na mfuko wake wa maendeleo, ule tunaita FED, na ilitaka watu wa kuangalia kama franga zinajenga kweli barabara na hospitali. Ndiyo wakatuma wakaguzi kwenye miji mikubwa ya Afrika. Hawakuwa mabalozi; kazi yao ilikuwa mafaili na hesabu. Mwaka 1975 ukaja Mkataba wa Lomé, inchi 9 za Ulaya na 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki. Mkaguzi akawa delege wa Tume ya Ulaya, na ofisi yenye kutambulika. Kwa hiyo hizi ofisi zilizaliwa na makuta, siyo na siasa.

Siasa ilibaki kwa kila inchi. Urais wa umoja ulizunguka kila miezi sita, na ambasade ya inchi yenye iko na zamu ndiyo ilisemea wengine. Januari unaongea na huyu, Julai na mwingine. Kwa eneo letu shida hiyo waliiona mapema: mwaka 1996 wakamchagua Mwitalia Aldo Ajello kuwa mjumbe wa pekee kwa Maziwa Makuu, na alibaki kwenye kazi hiyo mpaka 2007.

Mkataba wa Lisbon, wenye ulianza kazi tarehe 1 Desemba 2009, ndio ulibadilisha mambo. Umoja ukapata utu wake wa kisheria, na delegasyo za Tume zikawa delegasyo za Umoja mzima. Leo ziko zaidi ya 140 duniani. Mkubwa wake anaitwa balozi: Brussels inapendekeza jina, inchi yenye kumpokea inakubali, kiisha anapeleka barua zake kwa rais. Ndani ya ofisi wako watu wa Tume, watu wa idara ya mambo ya nje ya Umoja, na wanadiplomasia wenye kutoka inchi memba. Ndiyo maana Kigali iliweza kufukuza Ubelgiji bila kufunga mlango wa Umoja: kisheria ni watu wawili tofauti.

Lakini delegasyo haifuti ambasade. Viza haitoi, hiyo ni kazi ya kila inchi. Na tangu Mkataba wa Maastricht wa 1992, raia wa Ulaya mwenye inchi yake haiko na ambasade fulani mahali anaweza kusaidiwa na ambasade ya memba mwingine.

Sasa tuje kwetu. Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ulisaini mapatano ya madini na Kongo. Februari 2024 ukasaini mengine na Rwanda. Mwisho wa Aprili 2024 M23 ikachukua Rubaya, hapa Masisi, kwenye koltani. Februari 2025 Bunge la Ulaya likapiga kura kuomba mapatano na Rwanda yasimamishwe. Vikwazo vyenyewe vilichelewa mpaka Machi, juu vinahitaji inchi zote 27 zikubali, na Luxembourg ilikuwa imeomba kungojea. Hapo ndipo unaona mpaka wa balozi wa pamoja: anaweza kuandika ripoti nzuri sana kutoka Kinshasa, lakini sauti moja kule Brussels inatosha kuifunga.

Kwa hiyo, msomi wa Kashebere mwenye anataka kuandika memo juu ya madini ao wakimbizi, asiishie kwa delegasyo tu. Apeleke pia kwa ambasade za inchi moja moja, hata zile ndogo, na kwa wabunge wa Ulaya. Barua ya mlango mmoja inafika nusu.

Na sisi? Kongo iko ndani ya SADC tangu 1997 na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Umoja wa Afrika uko na ofisi za kudumu Brussels, New York, Geneva, Washington na Beijing. Lakini kule Brussels inchi za Afrika Mashariki bado haziko na ambasade moja ya pamoja. Ulaya ilianza na wakaguzi wa hesabu, ikachukua zaidi ya miaka 45 kufika kwa balozi mmoja.

Ninawaachia swali: wewe ungekubali balozi mmoja asemee Kongo, Rwanda, Uganda na Burundi pamoja? Kama hapana, ni nini kingetangulia kubadilika? Andikeni, tujadiliane.