Njia za Roma na Balozi wa Kongo

Mtu akifika peke yake katika mji mkubwa wa ugenini, swali lake la kwanza ni hili: nitajuaje njia? Mjini Roma swali hilo lilijibiwa kwa mawe, zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Zamani hizo mahujaji waliozuru makanisa makuu walipita kati ya magofu na mashamba ya mizabibu, kwa njia zilizojaa kona. Papa Sisto V, aliyeliongoza Kanisa tangu 1585 hadi 1590, aliamuru zikatwe barabara zilizonyoka, zipande na kushuka vilima bila kupinda. Penye makanisa makuu alisimamisha minara ya kale ya jiwe moja iliyoletwa Roma kutoka Misri na makaisari, akaweka msalaba juu ya kila mmoja: 1586 penye Kanisa la Mtakatifu Petro, 1587 nyuma ya Santa Maria Maggiore, 1588 Laterano. Mwaka 1589 akasimamisha mwingine Piazza del Popolo, karibu na lango walimoingilia watu wa kaskazini. Asiyejua kusoma wala kuuliza kwa Kiitalia aliutazama mnara ulio mbele yake, akaenda. Papa huyo hakutawala hata miaka sita, lakini mgeni wa leo angali anatembea katika mpango wake.

Tushike basi barabara iendayo kutoka Trinità dei Monti hadi Santa Maria Maggiore. Mwendo haufiki nusu saa. Katikati, penye chemchemi nne za njia panda, msafiri husimama apumue, kwa maana kilima ni kikali. Kutoka hapo huuona mnara wa basilika ukimngoja. Aliye na wenzake labda angepita akizungumza. Aendaye peke yake huona zaidi, ndivyo tunavyoamini.

Ndani ya basilika, upande wa kuume, ipo sehemu ya ubatizo, na humo sanamu ya mtu mweusi, uso wake umechongwa katika jiwe jeusi. Huyo ni Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda, balozi wa Mfalme Alvaro II wa Kongo. Makao ya ufalme ule yalikuwa Mbanza Kongo, leo katika nchi ya Angola. Sehemu ya ardhi yake ni Kongo-Kati yetu.

Alitumwa mwaka 1604. Mfalme alitaka kusema na Baba Mtakatifu moja kwa moja, bila kupitia mkono wa Wareno, waliodai haki ya kusimamia maaskofu na mapadre wa Kongo. Tuone uzito wa jambo hilo: Wakongo walikuwa na jimbo lao la kiaskofu tangu 1596, na bado mlango wake ulishikwa na wengine. Balozi alipitia Brazili, akanyang'anywa mali na maharamia baharini, akacheleweshwa muda mrefu Hispania. Wenzake wengi walikufa njiani. Aliingia Roma mwanzoni mwa Januari 1608, hoi kwa ugonjwa. Sherehe ya kumpokea ilikuwa imetayarishwa kwa Epifania, siku wanapokumbukwa Mamajusi waliotoka mbali. Papa Paulo V alikwenda mwenyewe kitandani pake, akambariki. Usiku wa kuamkia sikukuu hiyo balozi akafariki, na maandamano ya shangwe yakawa mazishi.

Mchongaji, Francesco Caporale, alimvika podo la mishale mgongoni. Hapo tunatabasamu kwa uchungu kidogo. Mtu aliyevuka bahari na barua za mfalme wake, akiwa na hoja ya sheria ya Kanisa, amekumbukwa kwa mishale! Hata hivyo uso ni wa mtu kweli, si wa mfano tu, nasi twamshukuru mchongaji kwa uso huo.

Tangu Aprili 2025 wageni wengi huelekea upande wa kushoto, penye kaburi la Papa Fransisko. Karibu na hapo ipo kanisa ndogo iliyojengwa na Paulo V, naye amezikwa humo. Kutoka kwake hadi kwa mgonjwa aliyemtembelea ni kuvuka upana wa basilika tu, hatua chache, kisha msafiri hutoka nje na kuitafuta kwa macho barabara ya Laterano.