Mti wa Upanga na Mshale wa Pili

Wewe wa Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala unayepita Upanga kila siku kwenye daladala, ulikuwa unajua kuna hekalu la Wabuddha pale? Lipo tangu miaka ya 1920, na ni kati ya ya mwanzo kabisa Afrika.

Walioanzisha ni wafanyakazi kutoka Ceylon, siku hizi Sri Lanka, waliokuja Tanganyika enzi za Mwingereza. Wengi wao hata majina hatuyajui. Ila walipanda mti wa Bodhi.

Kwa nini mti? Siddhartha alikuwa mtoto wa mfalme. Inasimuliwa kwamba alipoona mzee, mgonjwa na maiti, aliacha raha zote akaenda kutafuta dawa ya mateso. Alipata jibu akiwa amekaa chini ya mti wa aina hiyo huko Bodh Gaya, India, na toka hapo akaitwa Buddha, yaani aliyeamka. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, alipeleka tawi la mti huo Ceylon. Kwa hiyo kwa watu wale waliokuwa mbali na kwao, mti ulikuwa kumbukumbu kwamba maumivu yanakabiliwa, hayakimbiwi.

Sasa sikia fundisho lake moja. Ukipigwa mshale, unaumia. Halafu unajichoma wa pili mwenyewe.

Umeachishwa kazi: huo wa kwanza. Usiku unajigeuza kitandani, "nina mkosi, nyumbani watanionaje, wenzangu wameshajenga": huo ndio wa pili. Wa kwanza hukuuchagua. Wa pili unaweza kuuachia.

Unauachiaje? Kaa kimya, fuata pumzi yako, ukubali moyoni, "hapa naumia". Wazo baya likija, lione linakuja, liache lipite. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliipeleka njia hii kwa wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, bila kumbadili mtu dini. Hata wewe baki na msikiti wako au kanisa lako.

Sisi tumezoea kuambiwa "jikaze". Kujikaza hakuchomoi mshale. Na kama hulali, huli, au unawaza kufa, usiishie kwenye pumzi: mwambie mtu leo, nenda hospitali. Muhimbili wanatibu afya ya akili, nayo iko hukohuko Upanga.

Mshale wako wa pili ni upi?