Mabenchi ya Buluu

Mara nyingi tunaulizwa: Je, ni dhambi Mkristo kwenda kwa daktari abadilishwe sura? Kabla ya kujibu, na tutazame jinsi kazi hiyo ilivyostawi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi walirudi Uingereza wakiwa hawana pua wala taya. Mwaka 1917 hospitali yao ilifunguliwa Sidcup, karibu na London. Humo Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, na wenzake waliwatibu watu zaidi ya 5,000. Walichukua ngozi ya kifuani wakaishona usoni, bila kuikata kabisa mpaka ipate damu mahali pake papya. Wengine walipasuliwa mara nyingi, kwa miaka. Lakini njiani kuelekea mjini, mabenchi kadhaa yalipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba aketiye hapo huenda ana uso wa kutisha.

Vita vya pili vilipokuja, Archibald McIndoe, jamaa yake Gillies, aliwatibu wanahewa walioungua katika mji wa East Grinstead. Huyu hakuwaficha. Aliwaomba wenyeji wawakaribishe nyumbani na kuwatazama kama watu. Wakakubali, hata ukaitwa mji usiokodoa macho. Mwaka 1957 McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood na Thomas Rees, wapasuaji wenzake, walianzisha huku kwetu Afrika Mashariki huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni AMREF.

Ni kweli, ufundi uleule ulitumiwa pia kupunguza pua na kuondoa makunyanzi ya wenye fedha. Majivuno yapo, nasi hatuyatetei. Anayeudharau mwili aliopewa na Mungu kwa kufuata watu wa magazetini, na ajiulize anatafuta nini.

Lakini yatupasa kuungama. Katika kanisa moja tulilotumikia alikuwako mama aliyeungua uso kwa mafuta ya taa. Jumapili baada ya Jumapili nafasi ya kando yake ilibaki wazi. Tuliiona kutoka mimbarani, tukanyamaza. Alipoomba mchango aende kwa mpasuaji, baraza likasema anatafuta urembo, wala hatukumtetea. Akaacha kuja. Benchi lake halikuwa na rangi, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kulipaka.

Someni 1 Samweli 16. Hata nabii alidanganywa na kimo cha Eliabu, naye Mungu akamwonya. Basi kabla hatujamhukumu anayekimbilia kisu cha daktari, tuulize ni macho ya nani yaliyomkimbiza. Na Jumapili ijayo, ndugu, tazama ni nani anayeketi peke yake, uende ukaketi naye.

Bwana atusamehe, ayatakase macho yetu. Amina.