Street Fighter II

Street Fighter II: The World Warrior ni mchezo wa video wa mapigano uliotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani na kutolewa mwaka 1991 kwa mashine za sarafu. Ni mwendelezo wa Street Fighter wa mwaka 1987. Mchezo ule wa kwanza haukuvuma sana. Huu wa pili ndio uliojenga jina la mfululizo mzima na kuweka misingi ambayo michezo ya mapigano inaifuata hadi leo. Ukubwa wake unatokana na jambo moja: uliwakutanisha watu wawili mbele ya kioo kimoja, ushindi ukaenda kwa aliyemsoma mwenzake vizuri zaidi.

Chimbuko

Street Fighter wa kwanza uliongozwa na Takashi Nishiyama na kupangwa na Hiroshi Matsumoto. Baadhi ya mashine zake zilikuwa na vitufe viwili vikubwa vilivyopima nguvu ya mkono: kadiri mchezaji alivyogonga kwa nguvu, ndivyo pigo lilivyokuwa zito. Palikuwa pia na mashine ya vitufe sita, na mpangilio huo ndio uliodumu. Baadaye wabunifu hao wawili walihamia kampuni ya SNK, ambako Nishiyama aliongoza utengenezaji wa Fatal Fury.

Capcom ilipotaka kuendeleza jina hilo, ilianza na mchezo ulioitwa Street Fighter '89, ambao mchezaji anatembea mitaani akipambana na magenge. Kwa kuwa haukufanana na ule wa mwanzo, ulitolewa mwaka 1989 kwa jina la Final Fight. Wabunifu wake, Akira Nishitani na Akira Yasuda, ndio waliopewa kazi ya kutengeneza mwendelezo halisi chini ya Yoshiki Okamoto. Sehemu kubwa ya muziki ilitungwa na Yoko Shimomura.

Uchezaji

Kila mchezaji ana kijiti cha kuongozea chenye pande nane na vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kuanzia pigo jepesi hadi zito. Pigo jepesi hutoka haraka lakini haliumizi sana. Zito huumiza, ila likikosa humwacha mpigaji wazi. Mpambano huamuliwa kwa kushinda raundi mbili. Kujikinga ni kuvuta kijiti nyuma, na anayejikinga muda wote huweza kukamatwa na kubwagwa.

Mapigo maalumu yanahitaji mkono uliozoea. Ili Ryu, mmoja wa wahusika wa mchezo, arushe Hadoken, kombora lake la nishati, kijiti hushushwa chini, huzungushwa kupitia pembe hadi mbele, kisha hubonyezwa kitufe cha ngumi. Katika mchezo wa kwanza mapigo haya yalikuwa magumu mno kuyatoa. Katika huu wa pili mashine ilisamehe makosa madogo ya muda, na umahiri ukawa jambo linalofundishika.

Mfano wa Ryu unaonyesha jinsi akili inavyoingia. Akirusha Hadoken kutoka mbali, mpinzani akajikinga, bado hupunguziwa nguvu kidogo. Mpinzani akiamua kuruka juu ya kombora, Ryu humsubiri kwa Shoryuken, ngumi ya kupaa. Lakini mpinzani akibashiri na kuruka mapema kidogo, humkuta Ryu mikono ikiwa bado mbele, humshukia kwa teke na kuendelea kumpiga. Uamuzi wote huo hufanyika kwa chini ya sekunde moja.

Mfuatano wa mapigo yasiyoweza kukingwa katikati, yaani kombo, haukupangwa. Noritaka Funamizu, aliyekuwa akikagua hatua ya ziada ya kuvunja gari, aligundua kuwa pigo la pili liliweza kuunganishwa na la kwanza. Watengenezaji waliliacha jambo hilo, nalo likawa uti wa mgongo wa aina nzima ya michezo hii.

Wahusika

Mchezaji huchagua kati ya wahusika wanane: Ryu na mwanasumo E. Honda wa Japani, Ken na mwanajeshi Guile wa Marekani, Chun-Li wa China, Blanka wa Brazili, Dhalsim wa Uhindi, na mwanamieleka Zangief wa Umoja wa Kisovyeti, nchi iliyosambaratika mwaka uleule wa 1991. Kila mmoja ana mwendo na mbinu zake. Chun-Li, anayetaka kulipiza kisasi cha baba yake, ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kuchezwa katika mchezo wa aina hii.

Mwishoni wanasubiri wapinzani wakubwa wanne. Majina ya watatu kati yao yalizungushwa nje ya Japani: bondia, ambaye Wajapani walimwita M. Bison, alifanana na Mike Tyson, na Capcom ilihofia kushtakiwa. Akaitwa Balrog, na jina la M. Bison akapewa dikteta, mwingine kati ya wakubwa hao.

Matoleo

Champion Edition ya mwaka 1992 iliruhusu kuwachagua wale wakubwa wanne, na wachezaji wawili kutumia mhusika mmoja. Hyper Fighting, mwishoni mwa mwaka huohuo, iliongeza kasi, ikijibu mashine zilizochezewa programu na watu wa nje. Super Street Fighter II ya mwaka 1993 ilileta wahusika wapya wanne, na Super Turbo ya mwaka 1994 ikamleta Akuma, mpinzani wa siri. Toleo la kwanza la mashine ya nyumbani ya Super Nintendo, la mwaka 1992, liliuza nakala milioni 6.3.

Athari

Mafanikio hayo yalifungua njia kwa michezo mingine mingi ya mapigano, ikiwemo Mortal Kombat ya mwaka 1992. Mwaka 1996 wachezaji walikutana Sunnyvale, California, kushindana katika Super Turbo na Street Fighter Alpha 2. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua na kuwa Evo, maarufu kuliko yote ya michezo ya mapigano. Super Turbo bado ina washindani wake, kwa sababu kanuni zilizokamilika kiasi hicho hazihitaji picha mpya ili kumvuta mtu anayetaka kushindana.